Upawa wa Kwanza

Ilikuwa sauti ndogo: bati likigonga waya, upesi upesi, bila mpangilio, kisha kimya, kisha tena. Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha chumba cha panya, ufunguo ungali mlangoni, na jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba mvua imeanza kudondoka juu ya paa. Lakini ulikuwa mwezi wa Juni, na Iringa ya Juni haina mvua. Ina upepo tu, na baridi inayopasua midomo. Nikasikiliza tena. Sauti haikutoka juu. Ilitoka kwenye rafu ya chini, karibu na mlango, katika kizimba cha kwanza.

Panya alikuwa amelala ubavu. Miguu yake yote minne ilikuwa ikipiga hewa, na mmoja wa nyuma ulikuwa umenasa kwenye mkono wa kikombe cha bati, hivyo kila alipotukutika kikombe kiligonga waya. Nikatazama saa yangu, maana nilikuwa nimefundishwa kutazama saa kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Saa mbili kasoro dakika kumi. Nikaandika. Katika kizimba cha pili panya alikuwa amejikunja na kulala usingizi mzito. Nilimgusa kwa ncha ya kalamu na hakuamka. Wa tatu aliinua kichwa, akakishusha. Wa nne alikuwa akijilamba masharubu. Kuanzia wa tano hadi wa kumi na mbili walikuwa wazima kabisa, na wakanitazama kwa macho yao mekundu kama wanavyomtazama mtu yeyote anayeweza kuwa amebeba chakula.

Yanipasa nieleze panya wale walikuwa na kazi gani, ili nisionekane nilishtuka kwa jambo la kawaida. Panya hufa maabarani. Hiyo si habari. Lakini hawa hawakutakiwa kufa. Nilikuwa nimekwisha kuandika, kwa mkono wangu na kwa sahihi yangu, kwamba hawafi.

Juu ya Ilomba, kwetu, kwenye miteremko inayoitazama Mbeya, kulikuwa na mikaratusi mingi, na wanawake wa kanisa la mama yangu walijifunza kuchemsha majani yake ndani ya pipa na kuukusanya mvuke kwa bomba, mpaka wakapata mafuta membamba, makali, yenye kufungua pua hata kabla chupa haijafunguliwa. Zamani watu waliyapaka kifuani au walijifukiza. Kisha, sijui nani alianza, wakayatia katika uji ili kuupa mwili nguvu wakati wa baridi. Mfanyabiashara mmoja wa mjini Mbeya, mtu mzima ambaye wazee wake walitoka pwani, aliyaona yanapendwa akayatia katika chupa nzuri. Kabla ya kuyasambaza alifanya jambo ambalo wachache wangelifanya: aliiandikia maabara yetu ya Iringa, akauliza kama mtu akiyanywa kila siku yatamdhuru.

Swali lile nilipewa mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na shahada ya kwanza, nikiandaa tasnifu ya shahada ya pili chini ya mkemia mmoja wa Kizungu ambaye sote tulimwita Daktari. Nilikuwa mwanamke pekee katika jengo lile, na nilikuwa nimejiwekea kanuni kwamba kosa langu litakuwa dogo kuliko kosa la mwanamume yeyote. Tatizo la mafuta ni kuelea. Ukiyatia majini hupanda juu, na huwezi kujua panya yupi kapata kiasi gani. Nikalitatua. Niliyasaga mafuta katika kinu kidogo cha kauri pamoja na gundi ya mgunga na maji, taratibu, mpaka yakawa meupe na mazito kama maziwa, na kila tone la maziwa hayo likawa sawa na tone jingine. Kila panya akapata haki yake kamili, asubuhi baada ya asubuhi, kwa majuma mengi. Hakuna aliyeugua. Walinenepa.

Niliringa kwa ajili ya maziwa yale. Niliandika barua kwa bwana wa Mbeya: kwa kipimo nilichokitumia na kwa namna nilivyokitumia, sikuona madhara. Nikatia sahihi, Daktari akatia yake chini. Mwezi uliofuata chupa zilitoka na karatasi mpya: *Imepimwa. Haina madhara.* Maneno saba ya tahadhari yalikuwa yamebaki nje ya chupa, na mimi, nilipoiona, nililisahihisha jambo hilo kichwani mwangu tu. Nikaendelea na awamu ya pili ya majaribio, ambayo ilikuwa ndefu zaidi na ndiyo hasa ingekuwa tasnifu yangu.

Asubuhi ile mhudumu wa panya alikuwa nje akiosha vikombe kwenye bomba. Alikuwa mzee wa Kihehe, mkazi wa Kihesa, mtulivu, ambaye aliwaongelesha panya kuliko alivyotuongelesha sisi.

"Kamwene," nikamsalimu, maana bila hivyo asingejibu lolote.

"Kamwene, mwanangu. Leo umewahi."

"Mzee, panya umewapa nini asubuhi hii?"

"Chakula chao." Akakung'uta kikombe. "Ile dawa yako nyeupe niliikuta imekatika, maji chini, mafuta juu, inanuka. Wewe ulikuwa na mafua tangu Ijumaa. Nikasema, wasikose kwa sababu yetu. Nikawapikia uji mwepesi, nikahesabu vichwa, nikatia matone. Vichwa kumi na viwili, matone kumi na mawili."

"Ulikoroga?"

"Kwa nini nisikoroge? Nilikoroga, nikaacha upoe, nikagawa."

"Ukaanza na nani?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jua huchomoza wapi. "Na aliye mlangoni. Uji huanza na aliye karibu."

"Lakini nani alikufundisha kutia matone namna hiyo?"

"Kufundishwa? Nyumbani ndivyo tunavyokunywa. Tone moja kwa kila kichwa, ndani ya chungu. Mke wangu ana chupa. Anasema mtoto wa Mbeya aliyesoma ameandika ni salama; nikamwambia namfahamu, nafanya naye kazi." Alinyanyuka, akafuta mikono, akaingia nami. Aliinama mbele ya kizimba cha kwanza kwa muda mrefu. "Huyu ana degedege," akasema.

"Usiseme degedege, mzee. Ni mtukutiko wa misuli."

"Haya. Ana mtukutiko wa misuli. Mtoto akiupata, sisi twauita degedege."

Panya yule alikufa kabla ya saa tatu. Wa pili aliamka alasiri.

Daktari hakuwa mtu mbaya, na sipendi kumwandika hivyo. Alisikiliza maelezo yangu yote akiwa amesimama, akaenda kumtazama panya, akarudi. Akasema mhudumu amekosea, kwamba kosa la mhudumu si tokeo la jaribio, na kwamba hakuna mwanasayansi anayeweka katika daftari kila kinachofanywa na mtu mwenye sufuria ya uji. Nichukue panya mwingine, nitengeneze maziwa mapya, niufute mstari ule. Kwa kanuni zote nilizofundishwa, alikuwa na haki. Nilikaa mezani nikapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu. Niliupiga kwa kalamu ya risasi, wepesi, na maneno yakabaki yakisomeka chini yake. Nilijiambia kwamba wino ulikuwa umekwisha. Wino haukuwa umekwisha.

Siku zilizofuata nilifikiri. Nafahamu jinsi ninavyofikiri: huchukua jambo moja nikalizungusha mpaka likapoteza pembe zote na kuwa duara, kisha nikalaumu duara kwa kutokuwa na mwanzo. Panya si mtu. Panya mmoja si kitu. Mzee amekosea. Lakini mzee amekosea vipi? Hakuongeza kipimo: matone kumi na mawili kwa vichwa kumi na viwili ndicho kipimo changu mwenyewe. Hakuiba, hakulewa, hakusahau. Alifanya kile ambacho kila mwenye chupa ile alikuwa akifanya nyumbani kwake. Ikiwa hivyo ndivyo, nani alikosea? Hapo nilisimama, nikanywa maji, nikaanza tena: panya si mtu.

Nilianza barua kwa bwana wa Mbeya mara nne. Katika kila moja kulikuwa na "endapo" na "pengine" na "kwa sasa haijathibitika", na nilipoisoma kwa jicho lake niliona kwamba angeweza kuiweka kwenye mfuko wa koti na kuendelea na kazi. Nikazichana zote nne. Siku ya Jumatano ilianza likizo yangu ya wiki moja. Nikaliweka daftari chini ya nguo, nikapanda basi la Mbeya.

Nyumbani Ilomba tulikuwa tumelala watu saba: mama, dada yangu, mashangazi wawili waliokuja msibani wakakaa, watoto wawili wa dada, nami. Asubuhi ya Alhamisi nilikuta chungu cha uji jikoni kikitoa mvuke, na mama amekiinamia, chupa mkononi, akihesabu majina yetu kwa sauti ya chini, na kwa kila jina tone moja. Alipofika kwangu alitabasamu.

"Leo tumeongezeka," akasema, kisha akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, mwanangu. Kunywa dawa yako mwenyewe."

Alikoroga kwa upawa, mara tatu, kwa nguvu. Kisha akaugonga upawa ukingoni, akauweka, akafanya kile ambacho kila mama wa kule hufanya kabla ya kugawa chakula cha asubuhi: akainama, akaomba. Mama yangu haombi kifupi. Aliwaombea waliolala na walioamka, wagonjwa wa kanisa, mashangazi na msiba wao, mtoto wake aliyesoma na wale wanaomsomesha. Mimi sikufumba macho. Nilikuwa nikitazama chungu. Uji ulikuwa mwepesi, wa ulezi, na katika wekundu wake wa kahawia niliona viduara vikitokea, kimoja kimoja, viking'aa, vikitafutana, vikiungana. Mama aliposema amina, juu ya uji palikuwa na duara moja pana kama kiganja.

Akachovya upawa katikati ya duara lile. Akajaza bakuli dogo. Akalisogeza kwa binti mdogo wa dada yangu, aliyekuwa na umri wa miaka miwili.

"Mama, kwa nini unaanza na yeye?"

"Mdogo hangoji. Akingoja analia, akilia anakuamsha wewe mwenye usingizi wa Iringa."

"Kila siku unaanza na yeye?"

"Kila siku. Na tangu tuanze mafuta haya, nakuambia, nyumba imetulia. Anakunywa, anarudi kulala mpaka saa nne. Zamani alikuwa ananing'ang'ania sketi siku nzima. Ni dawa kweli."

Mtoto alikuwa amekwisha kushika bakuli kwa mikono miwili. Nililichukua. Sikumbuki nikiamua, nakumbuka tu uji wa moto juu ya vidole vyangu na mtoto akipasua nyumba kwa kilio.

"Gwe!" mama akasema. "Unamnyang'anya mtoto chakula?"

"Gawa mengine, mama. Gawa yote saba, uyapange hapa. Tafadhali. Kisha unipige."

Aligawa, akinung'unika kwa Kinyakyusa maneno ambayo si ya kanisani. Nikayapanga mabakuli kwenye mkeka kwa mpangilio yalivyojazwa, la kwanza karibu na mlango, la saba karibu na moto, nikamwomba anuse kuanzia mwisho.

"Nusa mwenyewe, wewe ndiye mwenye shahada ya kunusa."

"Pua yangu imekwisha kuamua. Nataka yako."

Alipiga magoti. Alinusa la saba, la sita, la tano. "Uji," akasema kila mara. "Uji. Uji." La nne akasita. La tatu akakunja uso. La pili akarudisha kichwa nyuma. Lile la kwanza hakulifikia. Machozi yalimtoka kwa ukali kabla hajaliinamia. Akakaa kitako kwenye mkeka. Dada yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamvuta bintiye mdogo kwake. Mmoja wa mashangazi akauliza kwa nini kila siku yeye hupewa uji usio na dawa, na hakuna aliyecheka.

"Tulitia saba," mama akasema polepole.

"Ndiyo."

"Na yeye anakunywa..."

"Karibu zote."

Alilitazama bakuli dogo. "Nilimshukuru Mungu kwa usingizi wake," akasema. "Mbele za watu, kanisani. Nilisimama nikashuhudia."

Nilitaka kumwambia kwamba kosa si lake, kwamba gundi ya mgunga ndiyo iliyonificha ukweli, kwamba nilisawazisha matone ili nisije nikakosea na kwa kusawazisha huko nikapima uji ambao hakuna mtu duniani anayeunywa. Nilieleza hayo yote, kwa mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachukua bakuli la kwanza na chupa, akatoka, akavimwaga chooni vyote viwili. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Mimi nimeelewa. Sasa usinieleze mimi. Kawaeleze waliokuamini. Sisi wanawake tumefunga chupa wiki nzima. Kesho alfajiri yule bwana wa mjini anazipeleka Ubaruku kwa wavunaji wa mpunga. Ameweka nadhiri, kila chungu cha uji kitiwe mafuta mpaka mavuno yaishe, maana mwaka jana watu waliugua vifua. Vyungu vya huko si kama hiki, mwanangu. Huko wanapikia watu arobaini."

Nilitembea kutoka Ilomba hadi mjini, daftari kwapani, na njia yote nilihesabu. Tone moja kwa kila kichwa. Vichwa arobaini.

Lori lilikuwa mbele ya duka, limekwisha kupakiwa nusu. Bwana mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, kofia ya kazi ya mkono kichwani, akiweka majani makavu kati ya masanduku ili chupa zisigongane.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, binti yangu! Masha Allah, mwenyewe amekuja. Karibu ndani, karibu. Leo utakunywa chai ya tangawizi, ile isiyo na mkaratusi." Alicheka. "Unaona? Umeniletea baraka. Watu wa mashamba wamesoma karatasi yako, wamefurahi."

Niliingia, nikaketi, nikafungua mdomo, na nikajikuta naanza kwa "endapo". Nikajikatiza.

"Bwana, huko Ubaruku, asubuhi, nani hunywa uji wa kwanza?"

"Watoto wa kuamia ndege," akajibu mara moja, akiwa amependezwa na swali. "Lazima. Kwelea hawangoji jua. Watoto wadogo wadogo wale, wanapewa upawa wa kwanza kukiwa na giza bado, wanakimbia mashambani kupiga madebe kuwafukuza. Wakubwa baadaye. Ndivyo tangu zamani. Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza bila pengine hata moja: kuelea kwa mafuta, panya wa kizimba cha kwanza, mabakuli saba ya mama yangu, mtoto anayelala mpaka saa nne. Nilimwambia kwamba katika chungu cha watu arobaini upawa wa kwanza utabeba dawa ya watu wengi, na utaingia tumboni mwa mtoto ambaye kimo chake hakifiki kwenye meza hii. Alikuwa amekoma kutabasamu tangu neno degedege. Nilikuwa nimelitumia neno la mzee, nikalitumia makusudi.

Aligeuza chupa moja mkononi. Kisha akasema, bila ukali:

"Aliyeniandikia salama ni wewe. Anayeniambia hatari ni wewe. Nimwamini yupi katika nyinyi wawili?"

"Huyu wa pili. Wa kwanza hakuwahi kusimama jikoni."

"Na mkubwa wako anasemaje?"

"Hajui kwamba nipo hapa."

"Ala." Akaiweka chupa mezani. "Nisikilize, binti yangu. Mimi si mtu wa kumlisha mtoto wa mtu sumu. Lakini nimeweka nadhiri mbele ya watu, na barua niliyonayo ina sahihi mbili. Yako unaiondoa, nimesikia. Ya pili je? Kesho nikiwaambia wale watu dawa ni mbaya, keshokutwa akija mkubwa wako kusema binti alichanganyikiwa, mimi nitakuwa nani? Hata nyumba za Iringa zina chupa hizi. Nani atawaambia wao?" Akaelekeza kidevu kwenye pembe ya meza, palipokuwa na simu nyeusi, iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa kama birika. "Simu ile pale. Mwambie nikiwa nasikia."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini simu ile ilinitisha kuliko panya, kuliko hata bakuli la mtoto. Nadhani ni kwa sababu mambo yale mengine yalikuwa yamenitokea, na hili nililazimika kulitenda. Nilijua kitakachofuata. Majaribio ya mwaka mzima yangekuwa si kitu. Tasnifu isingekuwa tayari, na huenda nisipewe nafasi ya kuandika nyingine. Daktari angekumbuka kwamba niliufuta mstari bila kubisha. Nilifikiri kwamba ningeweza kurudi Iringa kwanza, nikarudia jaribio kwa uji, mara tatu, kwa usahihi, nikamletea matokeo yasiyo na shaka. Lilikuwa wazo zuri; nililipima pande zote na sikuona kasoro ila moja. Lori lilikuwa linaondoka alfajiri.

Nikaondoa kitambaa, nikakikunja mara mbili, nikakiweka kando. Nikazungusha mkono wa simu.

"Posta Mbeya," sauti ya mwanamume ikasema. Nikampa nambari ya maabara, Iringa. Akaniambia ningoje. Tukangoja, bwana na mimi, tukisikiliza waya ukivuma kama nyuki ndani ya mzinga wa mbali. Nililifungua daftari kwenye ukurasa wenye mstari wa kalamu ya risasi, nikaweka kidole hapo.

"Iringa yuko hewani. Ongea."

Daktari alipokea mwenyewe. Nikaanza kwa Kiingereza, kama tulivyozoea, nikasema mimi ni nani na niko wapi. Kisha nikamwona bwana akiwa ameinamisha kichwa, akijitahidi kufuata, na nikahamia Kiswahili, ambacho Daktari alikuwa amekizungumza nchini humu kwa miaka mingi kuliko umri wangu.

"Daktari, naiondoa sahihi yangu katika barua ya mafuta ya mkaratusi. Nimepiga simu kukuomba uondoe na yako."

Waya ukavuma. "Ni kuhusu yule panya," akasema, naye kwa Kiswahili.

"Ni kuhusu uji. Watu hawanywi maziwa yangu ya gundi. Wanatia matone ndani ya chungu, yanaelea, na anayepewa wa kwanza anakunywa ya wote. Nyumbani kwetu wa kwanza ni mtoto wa miaka miwili. Ubaruku ni watoto wa kuamia ndege. Chungu cha huko ni cha watu arobaini, na lori linaondoka kesho."

"Una jaribio gani?"

"Mabakuli saba."

"Mabakuli saba si jaribio."

"Kweli. Nitakuja kulifanya jaribio lenyewe, kwa uji, kuanzia mwanzo. Najua maana yake kwa tasnifu yangu. Lakini mzee wa Kihesa hakukosea, Daktari. Yeye ndiye aliyewalisha panya kama watu wanavyokula. Sisi tuliomfuta ndio tuliokosea."

Nilisikia kiti kikiburutwa sakafuni huko Iringa. Bwana alikuwa amesimama. Alikwenda mlangoni, akaita nje kwa sauti isiyo ya haraka, "Teremsheni. Masanduku yote, yarudi ndani," na nikasikia chupa zikianza kugongana, taratibu, kioo kwa kioo.

"Ule mstari," Daktari akasema mwishowe. "Uliufuta kabisa?"

"Kwa kalamu ya risasi. Unasomeka."

"Usome. Ngoja. Ngoja nitafute kalamu." Akarudi. "Usome polepole, nauandika. Kisha unieleze bwana huyo atafikishaje habari Ubaruku, na sisi tutaanzia wapi hapa Kihesa."

Nikainamia daftari. "Saa mbili kasoro dakika kumi," nikasoma. "Kizimba cha kwanza. Panya amelala ubavu, miguu yote minne inapiga..."

Yule mtu wa posta akaingia katikati ya maneno yangu. "Dakika tatu zimekwisha. Mnaendelea?"

"Tunaendelea," nikasema.